Cc Saba Zilizopotelea Kilimani

Benchi la Ubaid liko nyuma ya msikiti wa Kitale, pale lami inapokwisha na udongo kuanza bila kuomba radhi. Ni ubao wa bodi ya lori uliowekwa juu ya matofali, na mbele yake kuna jiko la makaa, birika la kahawa ya tangawizi na sahani ya kashata. Mwaka huo wa 2006, mwezi wa mvua, wenye benchi walikuwa watu watatu wenye vyeo. Kanali alikuwa Yakub, aliyelinda lango la kiwanja kidogo cha ndege kwa miaka mingi na hakuwahi kushika bunduki. Dokta alikuwa Mbugua, muuza dawa za kupe na sindano za ng'ombe. Injinia alikuwa Wabwile, na hakuna aliyejua vizuri kuliko Wabwile mwenyewe jinsi cheo hicho kilivyomfikia. Alikuwa mtu wa stoo katika karakana ya shamba kubwa la mahindi, akigawa spana asubuhi na kuzipokea jioni. Hakuwahi kufungua injini hata moja. Alikuwa tu amesimama karibu na nyingi.

Siku hiyo alifika baada ya alasiri, amejifunika koti lake kubwa, akaketi mwisho kabisa wa ubao.

— Injinia, si hapo ni pa wageni, Kanali alisema.

— Leo niache tu nikae hapa.

— Uko mgonjwa?

— Shemeji yangu anakuja.

— Huyo wa Chwele? Wa ile pikipiki ya miguu minne?

— Huyo huyo.

Dokta akasogeza kikombe chake, akamtazama kwa huruma iliyochanganyika na furaha. Habari za pikipiki ya miguu minne zilijulikana pale benchini kwa sababu Wabwile ndiye aliyezitangaza. Pauline, mdogo wa mkewe Agneta, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Chwele wanaolima kabichi na vitunguu juu huko mlimani. Mvua ikinyesha, mikokoteni ya punda ilizama kwenye tope, na siku ya soko ikapita kabichi zikiwa bado njiani. Ndipo Wabwile alipowaletea habari ya mzungu mmoja wa misheni, karibu na Bungoma, aliyekuwa anarudi kwao na anauza kila kitu. Katika vitu vyake kulikuwa na kwadi, pikipiki nzito ya magurudumu manne manene, na ubavuni imeandikwa 500 kwa rangi nyekundu, tarakimu kubwa kama kiganja. Wabwile alisimama mbele ya akina mama, mkono mfukoni, akawaambia, "Hiyo ni mia tano. Mia tano inavuta nyumba." Wakainunua. Hawakununua kwa sababu ya rangi nyekundu. Walinunua kwa sababu ya mkono mfukoni.

— Sasa imefanya nini? Dokta aliuliza.

— Imekataa kilima.

— Kilima gani?

— Kile cha kutoka mashambani kwenda barabara kubwa. Walifunga kitrela nyuma, wakajaza kabichi. Ikafika katikati, ikaanza kunguruma mahali pamoja, magurudumu yanazunguka tu, tope inaruka. Halafu ikaanza kurudi nyuma. Akina mama wakaishika kwa mikono kama ng'ombe anayeingia mtoni.

— Na kabichi?

— Kabichi zilitangulia chini.

Hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilimtisha Wabwile kuliko kicheko. Akaendelea kusema kwa sababu kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi. Pauline aliipeleka kwadi kwa fundi wa Bungoma, mtu anayeitwa Khisa. Khisa akapangusa tope kwenye fremu, akaona kibati kidogo kimegongwa maandishi. Jana Pauline akapiga simu.

— Alisema nini hasa?

— Alisema ni cc mia nne tisini na tatu. Akasema anakuja leo, halafu simu ikakatika.

Ubaid, aliyekuwa ameinama akipuliza makaa, akainua kichwa.

— Ni sisi mia nne? Mimi nina vikombe sita hapa.

— Sio sisi watu, Ubaid. Cc za injini.

— Ah. Nilifikiri ni kikundi kizima kinakuja.

— Kama angekuja na kikundi, ningekuwa nimeshapanda basi ya Lodwar, Wabwile alisema.

Sasa wakacheka, na yeye akacheka nao kidogo. Kisha Kanali akaweka kikombe chini, ishara kwamba anaingia kazini.

— Kwa hivyo nje imeandikwa mia tano, ndani ni mia nne tisini na tatu. Saba zimeenda wapi?

— Hiyo ndiyo kitu anakuja kuniuliza, na sina jibu. Ndio nimekuja kwenu mapema.

— Umefanya vizuri. Sikiza. Ni baridi.

— Baridi?

— Chuma ikiona baridi inajikunja. Hiyo kitu ilitoka kwa kiwanda ikiwa na joto, mia tano kamili. Imefika Chwele, mlima hapo juu, usiku inalala nje. Wewe mwenyewe asubuhi ukitoka nje si unajikunja?

— Najikunja, lakini mchana narudi.

— Wewe una damu.

Dokta alitikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya anapoelezewa na mteja ugonjwa wa ng'ombe kwa simu.

— Kanali, wacha hiyo. Ni kulika. Injini inalika ndani kama kisigino cha kiatu. Mzungu ameikalia miaka. Alikuwa mnene?

— Alikuwa na mwili, Wabwile alikubali.

— Basi. Kila mwaka cc moja. Miaka saba, saba.

Wabwile akafikiri. Hakupenda kufikiri mbele ya watu, lakini jambo lilikuwa la kwake.

— Lakini Dokta, ikilika kwa ndani, si shimo inakuwa kubwa? Si ingefika mia tano na saba?

Dokta akaangalia msikiti, akaangalia kahawa.

— Injinia, unataka kusaidiwa ama unataka kubishana?

— Nataka kusaidiwa.

— Basi ni kulika.

Ubaid alikuwa akijaza vikombe. Akasimamisha birika hewani.

— Mimi sijui injini. Lakini angalieni hiki kikombe. Kila mtu anakiita kikombe. Nikikijaza mpaka juu kabisa, mtaungua vidole na mtanitukana. Kwa hivyo naacha nafasi ya mdomo. Labda hizo saba ni nafasi ya mdomo.

Watu watatu waliinama wakatazama vikombe vyao. Nafasi ya mdomo ilikuwa pale, nene kama kidole.

— Miaka yote hii? Kanali aliuliza.

— Miaka yote, Ubaid alijibu bila haya, akamimina.

Habari ya kahawa iliwachukua kwa muda, kwa sababu iliwahusu wote. Waliporudi kwenye injini, Kanali alikuwa ameshapata jambo kubwa zaidi.

— Hiyo kwadi ilishukia wapi kutoka kwa meli?

— Mombasa, lazima.

— Mombasa iko chini ya ikweta. Sisi tuko juu. Kwa hivyo ilivuka mstari wa dunia. Hapo ndipo kitu hupoteza. Mimi nimefanya kazi kwa kiwanja cha ndege, najua. Marubani walikuwa wanasema.

— Walikuambia wewe?

— Walikuwa wanaambiana. Mimi nilikuwa langoni.

— Kwa hivyo, Dokta alisema, Pauline akiirudisha hadi Maseno, aivushe ng'ambo ya ule mstari wa ikweta, itapata saba zake?

— Akiivusha kinyumenyume, inaweza.

— Kanali, na wewe ulivuka lini? Dokta aliuliza. Kwa sababu nje umeandikwa Kanali.

Yakub alikuwa mtu wa kujua kupokea utani. Alipangusa ndevu zake.

— Mimi nilitoka Mombasa nikiwa jenerali, alisema. Hii unaona ni kile kilichobaki.

Walicheka mpaka Ubaid akaondoa birika lisimwagike. Wabwile alicheka pia, lakini mawazo yake yalikuwa Chwele. Alikuwa anamwona Pauline mbele ya akina mama, amesimama kando ya kitrela kitupu. Agneta alikuwa amemwambia asubuhi, bila kuinua sauti, kwamba kikundi kimeitisha mkutano. Wapo wanaotaka kurudia punda, na wapo wanaotaka kiti cha mwenyekiti kiende kwa mtu asiye na shemeji mjini. Maneno hayo ya mwisho Agneta aliyasema huku akisonga ugali, akaondoka jikoni kabla hajajibiwa.

— Hebu tuone hizi saba ni ngapi, Dokta alisema ghafla.

Akatoa mfukoni mwa shati sindano mpya ya plastiki, ile ya kudungia ndama, bado iko kwenye karatasi. Akaifungua, akaichovya kwenye kikombe cha Wabwile, akavuta mpaka mstari wa cc saba. Kisha akaisukuma kahawa kwenye kisosi, polepole, kila mtu akitazama.

Ilitandaa kidogo. Haikufika hata ukingo.

— Hiyo tu? Ubaid aliuliza.

— Hiyo ni saba. Hiyo ni dozi ya ndama mwenye minyoo.

Wabwile alikitazama kile kisosi. Aliwaza kilima, aliwaza kitrela, aliwaza kabichi zile zikibingirika moja moja hadi kwenye mashimo ya maji. Hata mtu wa stoo aliona kwamba kitu kisichotosha kulowesha kisosi hakiwezi kuwa ndicho kilichoshindwa kuvuta kabichi. Na kama sio cc saba, basi ni kitu kingine, na kitu hicho kingine yeye hakukijua. Afadhali zingekuwa zimepungua mia. Kwa mia ungeweza kumlaumu mtu.

— Hiyo ni kahawa, Kanali alisema kwa sauti ndogo. Petroli ina nguvu yake.

— Ndiyo, Dokta alisema. Petroli ni kitu ingine.

Lakini walisema kama watu wanaomtembelea mgonjwa.

Hapo ndipo waliposikia mngurumo. Pauline aliingia kutoka upande wa soko, wima juu ya kwadi, amevaa gambuti na sweta ya rangi ya damu ya mzee, leso imefungwa kiunoni, tope limemruka hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameiendesha kutoka Chwele mwenyewe. Akazima injini, akashuka, akapangusa mkono kwenye leso kabla ya kuutoa.

— Mulembe, shemeji.

— Mulembe, Pauline. Karibu. Hawa ni wazee wenzangu. Ubaid, mpe mgeni kahawa. Mjazie mpaka juu.

Pauline akawasalimia wazee mmoja mmoja, akakataa kuketi, akapokea kikombe kwa kitambaa cha leso. Mashine ilikuwa inatoa mvuke nyuma yake, ile 500 nyekundu ikionekana kwa vipande katikati ya matope.

Wabwile akasimama. Alikuwa na tabia moja: akiwa na wasiwasi, l na r hubadilishana mdomoni mwake kama watu wanaopeana viti.

— Pauline, kabla hujasema, acha nikueleze. Hiyo namba ya nje na hiyo ya kibati ziko tofauti, ni kweri. Lakini kuna sababu. Ya kwanza ni baridi. Chuma inajikunja, na Chwele iko karibu na mlima. Ya piri ni kulika, kwa sababu mzungu alikuwa na mwiri. Ya tatu, kuna mambo ya ikweta, hapo Kanali anaweza kukueleza zaidi. Na kuna kitu inaitwa nafasi ya mdomo.

Alijisikia akisema. Ilikuwa kama kusikia redio ya jirani kupitia ukuta. Akaona Dokta ameangalia viatu, akaona Kanali anahesabu kashata zilizobaki kwenye sahani. Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni wenyewe. Akautoa.

Pauline alikunywa kahawa, akasubiri.

— Umemaliza, shemeji?

— Nimemaliza.

— Mimi sikuja juu ya hiyo saba. Khisa alisema hiyo ni kawaida. Wenye kuuza wanapenda namba ya kusimama vizuri, wanaongeza kidogo hapo juu, wote wanafanya hivyo. Mimi nilikutajia tu vile nilisoma kwa kibati, ujue ni mashine gani. Halafu krediti ikaisha.

— Kumbe.

— Nimekuja na swali ingine. Khisa ni mtu wa pikipiki za kawaida na matrekta, hii hajawahi kuishika. Na mzungu alienda na kitabu chake. Akaniambia, uliza yule aliyewashauri.

Aliweka kikombe kwenye ubao, akaenda kwenye kwadi, akainamia usukani. Akapangusa kwa kidole gumba mahali palipokuwa pameziba kwa tope. Palikuwa na kitufe cheusi, na kando yake tarakimu mbili ndogo nyeupe.

— Hapa kuna mbili na nne. Sisi tangu tununue imekaa kwa mbili, kwa sababu tuliikuta kwa mbili. Hii nne ni ya nini?

Ubaid akasimamisha birika. Dokta akajongea, akavaa miwani, akatazama kitufe kama jino la ng'ombe. Wabwile naye akatazama. Alikuwa ameiona mashine hiyo mara nyingi. Alikuwa ameizunguka, ameigonga tairi kwa kiatu, ameusifu ubavu wake. Kitufe hicho hakuwahi kukiona.

— Nne, Kanali alianza, nne mara nyingi ni mambo ya abiria. Yaani wakiwa wanne—

Wabwile akainua mkono, akamnyamazisha.

— Sijui, alisema.

Neno hilo lilitoka dogo na kavu. Alisubiri kitu kianguke.

— Hujui kabisa? Pauline aliuliza.

— Kabisa, shemeji. Mimi nilikuwa mtu wa stoo. Niliona imeandikwa mia tano nikafikiri imetosha.

Pauline akamwangalia. Uso wake haukuonyesha kama amekasirika au amefarijika.

— Basi tubonyeze tuone.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na tuta refu la udongo mwekundu, lililotupwa hapo na waliokuwa wakichimba msingi wa duka, laini kwa mvua. Pauline alipanda kwadi. Akasema anataka mzigo, kilima bila mzigo hakimwambii kitu.

— Wazee, kaeni hapo nyuma kama kabichi.

Kanali na Dokta wakatazamana. Kisha wakapanda kwenye kile chuma cha kubebea mizigo, migongo imeegemeana, makanzu na makoti wameyakunja magotini. Akaenda kwanza na mbili. Kwadi ilipanda urefu wa mtu, ikanguruma, magurudumu ya nyuma yakachimba, tope likaruka likamkuta Ubaid kwenye suruali. Ikarudi chini pole pole, na Kanali akiwa anasoma dua.

Pauline akabonyeza. Kitu kikalia tk mahali fulani chini, sauti ndogo ya kufuli. Akaongeza mafuta. Safari hii magurudumu ya mbele nayo yaliuma udongo, yote manne yakashika, na ile mashine ikapanda bila haraka, kama ng'ombe anayeinuka, mpaka ikasimama juu ya tuta na wazee wawili wakiwa wameshikana mikono.

Kule juu Kanali aliuachia mkono wa Dokta, akasafisha koo.

— Mimi nimeelewa sasa, alisema. Ni kuzidisha. Ikiwa kwa mbili, ni hizo mia nne tisini na tatu mara mbili. Ikiwa kwa nne, mara nne.

— Halafu unatoa baridi, Dokta alisema.

— Unatoa baridi, ndiyo.

Walishushwa. Walirudi benchini wakipiga hesabu kwa kalamu ya Dokta juu ya karatasi ya ile sindano, na Ubaid akawaambia birika limebaki machicha ya kahawa tu, hata nafasi ya mdomo haipo, lakini hawakumsikia.

Wabwile alibaki amesimama kando ya kwadi. Pauline alikuwa anafunga leso upya, akitazama anga upande wa Bungoma, kama mvua itamkuta njiani.

— Mkutano ni kesho? Wabwile aliuliza.

— Ni kesho.

— Nitakuja.

— Kufanya nini?

— Kukusaidia kuwaeleza. Mimi ndiye niliwaambia, si wewe.

Pauline akafikiri. Kisha akasogea mbele kidogo kwenye kiti, akaacha nafasi nyuma yake.

— Basi panda sasa. Agneta nitampigia simu nikipata krediti.

Alipanda kwa shida, koti likakwama, goti moja likalia. Hakuwahi kuikalia hiyo mashine, na aligundua kwamba iko juu kuliko alivyowaelezea watu. Walipita mbele ya benchi na hakuna aliyeinua kichwa kutoka kwenye ile karatasi. Walipofika lami, alilazimika kupaza sauti juu ya injini.

— Pauline. Nikifika nitawaambia nini, hawa akina mama?

— Vile umeniambia mimi.

— Nimekuambia mambo mengi leo.

— Lile neno moja, Pauline alisema, akabadilisha gia. Hayo mengine waachie wazee.